Nina cheti cha GIS, lakini ramani ya mabomba ya kijijini inanishinda

Barua ya msomaji

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi na wazazi wangu huku milimani Usambara, wilaya ya Lushoto. Nina shahada ya jiografia. Nilipokaa nyumbani muda mrefu bila kazi nilishauriwa nisome GIS, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta, nikaambiwa ndiyo yenye soko siku hizi. Baba akauza ng'ombe, nikaenda mjini kusoma kozi fupi katika kituo kimoja.

Tulifundishwa kwa programu ya kulipia ambayo kituo kilikuwa nayo bila leseni. Mwalimu alikuwa anabonyeza, nasi tunabonyeza alipobonyeza. Data zenyewe zilikuwa za mji fulani wa Marekani. Mwisho nikapewa cheti. Nilipofika nyumbani ile programu ikakataa kufunguka, na tangu hapo haijafunguka.

Sasa baba mdogo ni mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji inayohudumia vijiji vyetu vitatu. Kwenye mkutano akasimama akasema, "Huyu binti yetu amesomea ramani, atatuchorea mabomba yote, yanayotoa maji na yaliyokufa, tumpelekee meneja wa wakala wa maji vijijini, RUWASA, wilayani kabla bajeti haijapangwa." Nilikubali mbele za watu. Nikazunguka na simu, nikachukua GPS za mabomba, nikaandika kwenye daftari. Mengine niliandika kwa digrii na dakika, mengine kwa desimali, kwa sababu nilitumia simu yangu na ya mdogo wangu. Nilipoingiza kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, bomba moja likaonekana Ethiopia na mengine mawili Hispania. Yaliyobaki yalikaa vizuri, lakini mhandisi mmoja mstaafu aliponipa nakala ya ramani ya zamani ya karatasi nikailinganisha, kila kitu kikawa kimesogea kama mita mia tatu. Nimeshindwa kuelewa ni ramani iliyokosea au ni mimi.

Kile kituo kinasema tatizo langu ni kwamba sikusoma kozi ya juu, ambayo ni laki tisa. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe mwingine. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anasema bila kujua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na bila drone nisijisumbue, mambo yamebadilika. Mimi nina kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na simu ya kawaida.

Nisome kozi hiyo? Kama siyo, nianzie wapi? Na je, kweli kuna kazi katika mambo haya, au nimedanganywa?

Wako,
Aliyekwama, Lushoto

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Baba asiuze ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Karibu kila kitakachofundishwa kwa hizo laki tisa kinapatikana bure, tena kikiwa kimeandikwa na watu wanaokijua vizuri. Na ulichokosa katika kozi ya kwanza hakiko katika kozi ya pili. Ulifundishwa vitufe. Hukufundishwa kuuliza: ramani hii inamjibu nani, swali gani? Sasa unao watu wa vijiji vitatu wanaosubiri ramani yako, na meneja wa wilaya atakayeitumia kugawa fedha. Hakuna darasa litakalokupa zoezi zuri kuliko hilo, na katika majibu yangu yote nitakuwa narudi hapo.

Tuanze na mabomba yaliyohama. Mji wa Lushoto uko karibu latitudo -4.79 na longitudo 38.29. Alama ya kutoa mbele ya 4.79 ndiyo inayosema uko kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, unakuwa kaskazini kwa kiasi hichohicho, nawe unaangukia kusini mwa Ethiopia, si mbali na mji wa Yabelo. Ukigeuza namba mbili zikabadilishana nafasi, yaani 38.29 ikasomwa kama latitudo na -4.79 kama longitudo, bomba lako linakwenda Hispania, kaskazini mwa mji wa Córdoba. Kwa hiyo jibu la Ethiopia na Hispania lilikuwa ndani ya daftari lako. QGIS inapopokea faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, inauliza safu ya X na safu ya Y. X ni longitudo, Y ni latitudo. Wengi hugeuza kwa sababu midomo yetu imezoea kutaja latitudo kwanza.

Kuhusu digrii na dakika: 4°47′24″ si 4.4724. Dakika ni sehemu ya sitini, kwa hiyo unagawa 47 kwa 60 na 24 kwa 3,600, kisha unajumlisha na 4. Unapata 4.79. Aliyeandika 4.47 amelisogeza bomba kaskazini kama kilomita 35, maana digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Kosa hili ni baya kuliko la Hispania, kwa kuwa pointi inabaki Tanzania na hakuna anayeshtuka. Weka simu zote mbili kwenye desimali kabla ya kutoka nyumbani, na hakikisha zinaandika tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya tano ni karibu mita moja. Ukiandika tatu tu, unaweza kuwa umekosea kwa makumi ya mita, na katika vijiji vyenu hapo tayari ni kitongoji kingine.

Sasa zile mita mia tatu. Hapa hukukosea wewe, wala ramani ya mhandisi haikukosea. Ramani za karatasi za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Simu yako inatumia WGS 84, mfumo wa setilaiti za GPS. Mifumo hiyo miwili haianzi kupima kutoka mahali pamoja, na kwetu Afrika Mashariki tofauti yake inafika karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Kila mfumo una namba yake ya utambulisho. Simu yako ni EPSG:4326. Ramani ya mhandisi, ikiwa ina gridi ya mita, ni EPSG:21037, yaani Arc 1960 katika ukanda wa 37 Kusini wa UTM, gridi ya mita inayoigawa dunia katika kanda. Iambie QGIS ukweli kuhusu mfumo wa kila tabaka, yaani kila seti ya data uliyoiweka, nayo itazipatanisha yenyewe. Kazi yako ya kupima umbali ifanye katika EPSG:32737, ambao ni ukanda huohuo kwa WGS 84, ili upate mita badala ya digrii. Kama kituo chako kilikufundisha kozi nzima bila kugusa jambo hili, basi kilikuficha nusu ya somo.

Nawe usione aibu. Miaka kadhaa iliyopita data za vituo vya kuchotea maji za Wizara yetu ya Maji, zilizokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013, zilitolewa hadharani ili wataalamu wa takwimu duniani washindane kutabiri ni pampu zipi zitakufa. Jedwali kuu lina vituo 59,400. Kati ya hivyo, 1,812 vina longitudo sifuri. Ukivichora vinarundikana baharini, katika Ghuba ya Guinea. Ni vituo vya watu halisi wanaobeba ndoo, na kwenye ramani havipo nchini. Pakua jedwali hilo ulifanyie mazoezi. Lina kila ugonjwa wa data utakaokutana nao: majina ya kijiji kimoja yaliyoandikwa kwa namna nne, miaka ya ujenzi iliyoachwa sifuri, idadi ya watu isiyowezekana. Na lina habari nzito pia: karibu 38 katika kila vituo 100 havikuwa vikifanya kazi. Fundi wa data anayejua vijiji anaona mambo mle ambayo mshindani wa ng'ambo hayaoni.

Kabla ya kurudi kwenye mabomba na simu, keti na watu. Chora na kina mama chini, kwa kijiti na mawe: njia, mito, shule, msikiti, kanisa, mabomba. Nasema kina mama kwa makusudi. Mkutano wa kijiji utakupa orodha ya mabomba yaliyojengwa, lakini wanaochota watakuambia lipi linatoa maji saa kumi na moja alfajiri tu, lipi funguo anakaa nazo mtu ambaye hayupo, na lipi kila mtu analikwepa kwa sababu maji yana chumvi au yana kutu. Jumuiya haitaweza kumshawishi meneja kwa "bomba bovu". Itamshawishi kwa "koki imevunjika, tanki linajaa", au "chanzo kinakauka Januari na Februari". Matatizo hayo mawili yana bei tofauti kabisa.

Kisha tengeneza fomu kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia data. Ni bure, inaingia kwenye simu ya kawaida, na inafanya kazi bila mtandao. Ukirudi penye mtandao unatuma yote. Fomu ikichukua GPS na picha yenyewe, daftari na makosa ya kunakili yanaondoka. Usiweke maswali mengi. Jina wanalotumia wenyeji, aina ya kituo, leo kinatoa maji au hakitoi, kama hakitoi kimeharibika nini na tangu lini, miezi inayokauka, anayekisimamia. Basi. Simama mahali pa wazi karibu na bomba, subiri simu ionyeshe usahihi wa mita tano au chini, ndipo uhifadhi. Kwenu kuna mabonde membamba na miti mirefu inayoziba anga, na simu inahitaji kuona angalau setilaiti nne. Kukiwa na kivuli kizito, subira ya dakika mbili inaokoa kurudi mara ya pili.

Sasa nifike mahali ambapo ramani yako inaweza kusema jambo ambalo halijasemwa wilayani.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka maji yawe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mtu wa ofisini anachukua pointi za mabomba, anachora duara la mita 400 kuzunguka kila moja, na nyumba zilizo ndani ya duara zinahesabiwa kuwa zimepata huduma. Katika nchi ya tambarare, tuseme Igunga au Bahi, duara hilo si baya sana. Kwa Usambara, duara hilo ni uongo. Nyumba zenu ziko juu ya migongo ya vilima, chemchemi ziko mabondeni. Mita 400 za ramani zinaweza kuwa mteremko wa mita 150, na njia haishuki wima. Inazunguka, inakwepa korongo, inapita kwenye daraja la magogo. Mwenda kwa miguu anaweza kutembea mara mbili ya umbali wa duara. Tena anashuka na ndoo tupu na kupanda nayo imejaa, kilo 20 kichwani, na masika njia inateleza. Wilaya ikisema kitongoji hicho "kimefikiwa", hakitaingia kwenye bajeti kwa miaka.

Hili unaweza kulionyesha kwa vifaa ulivyonavyo. Sakinisha OsmAnd, programu ya ramani, kwenye simu, pakua ramani ya Tanzania mara moja, kisha tembea njia zile watu wanazopita kwenda kuchota huku simu ikirekodi. Faili linalotoka ni GPX, QGIS inalisoma moja kwa moja. Ukishakuwa na njia, ndani ya QGIS kuna zana inayotafuta eneo linalofikika kupitia mtandao wa njia: unaipa mabomba, unaipa njia, unaiambia mita 400, nayo inakurudishia sehemu za njia zilizomo. Weka matokeo hayo juu ya duara la kawaida. Nyumba zilizo ndani ya duara lakini nje ya njia ndizo hoja ya baba mdogo wako. Idadi ya watu wake ichukue kwenye daftari la kaya la mwenyekiti wa kitongoji. Zipo data za bure za majengo zilizotolewa na Google kuanzia 2021, zilizotambuliwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti, nazo ni nzuri kwa kuanzia, lakini jiko la nje, ghala na banda la mbuzi vyote huhesabiwa majengo, na nyumba iliyofunikwa na miti huachwa. Mwenyekiti anajua nani anaishi wapi.

Kwa urefu wa nchi tumia data za SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani kwa siku kumi na moja tu Februari 2000, na hadi leo zinatumika duniani kote. Kila kipande chake ni mraba wa mita 30 hivi. Kutoka hapo QGIS itakuchorea kontua na vivuli vya milima, na meneja ataona bonde kwa macho. Ila nakuonya kwa nguvu: usizitumie hizo, wala urefu unaoonyeshwa na simu, kusema maji ya mserereko yatafika au hayatafika mahali. Zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kila mita kumi za urefu ni karibu bar moja ya msukumo ndani ya bomba. Hiyo ni kazi ya mhandisi mwenye vifaa vya kupima usawa. Ukiulizwa, sema wazi kwamba ramani yako inaonyesha wapi pa kupima.

Onyo la pili. Watu wakikuona na ramani watakuomba uwachoree mipaka ya mashamba, na huenda hata ya kijiji na kijiji. Kataa kwa heshima. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, ina taratibu zake za halmashauri ya kijiji na majirani kukubaliana, na simu yenye makosa ya mita tano inaweza kuwasha ugomvi ambao mtawaachia wajukuu. Vilevile usiweke mtandaoni majina ya wakuu wa kaya na namba zao za simu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, hayo ni mambo ya watu. Misitu ya mizimu na makaburi, uliza wazee kwanza.

Sasa masomo. QGIS unayo tayari, nafurahi. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, ni huru kisheria, na haitakuzimikia kwa sababu ya leseni. Chukua lile toleo linalodumishwa muda mrefu badala ya jipya kabisa. Faili la kusakinisha ni zito, zaidi ya bando lako la wiki, kwa hiyo mwombe mtu aliye chuoni akuwekee kwenye flashi. Kwa GB 4 itafanya kazi, ukifunga kivinjari na kukata data za nchi nzima zibaki za wilaya yako tu. Usikope fedha kununua kompyuta nyingine kwa ajili ya kazi hii.

Pamoja na programu kuna vitabu vyake viwili vya bure vinavyopakuliwa kama PDF. Kimoja ni utangulizi mwepesi wa GIS, ulioandikwa Afrika Kusini kwa udhamini wa serikali, kwa mifano ya jimbo la Eastern Cape. Anza na hicho, kwa sababu kinaeleza vector (pointi, mistari na maumbo), raster (picha za vipande vya mraba), mifumo ya koordineti na makosa ya data kwa lugha nyepesi, na mifano yake ni ya mito na vijiji vinavyofanana na vyetu. Kingine ni mwongozo wa mafunzo wenye mazoezi na data zake. Usiusome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Soma unapokwama: leo unataka kuunganisha jedwali na pointi, soma sura hiyo, itumie kwa mabomba, funga kitabu. Mafunzo ya Ujaval Gandhi mtandaoni ni mazuri kwa hatua kwa hatua. NASA ina kozi za bure za picha za setilaiti ziitwazo ARSET, utazihitaji baadaye ukitaka kufuatilia misitu inayolinda vyanzo. Yote hayo ni kwa Kiingereza, na ninajua kinachosha. Andika istilahi kwenye daftari lako kwa maneno yako mwenyewe, utashangaa zinavyokaa.

Kwa data: mipaka ya mikoa, wilaya na kata inatolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Barabara, mito na majengo unayapata OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Na hapa ningependa uwe zaidi ya mchukuaji. Njia ulizorekodi za kwenda kuchota maji, ziweke humo. Njia za miguu za Usambara nyingi hazimo, na ukiziweka, muuguzi wa chanjo na fundi wa umeme nao watazikuta.

Utajifunza haraka zaidi ukiwa na wenzako. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, waliichora kata yao kwa GPS na karatasi. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambao uliwatoa wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenda mitaani katika kata zinazofurika, wakiwauliza wakazi maji yalifika wapi mara ya mwisho. Mifereji na vichochoro vilivyokuwa kichwani mwa watu vikaingia kwenye ramani. Waliopita huko wengi ndio walioendelea kuwafundisha wengine kupitia shirika la OpenMap Development Tanzania, na vyuo vyetu kadhaa vina vikundi vya wanafunzi wachora ramani viitwavyo YouthMappers. Waandikie. Sema una ramani ya maji ya vijiji vitatu na umekwama mahali fulani, taja mahali penyewe. Watu hujibu swali lenye umbo.

Drone iache. Kurusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na swali lako halihitaji picha kutoka juu. Hakuna drone itakayokuambia funguo za bomba anazo nani. Picha za setilaiti za Sentinel-2 nazo ni bure na hurudi kila baada ya siku tano hivi, lakini pikseli yake ni mita kumi, koki haionekani. Python ni nzuri kweli, rafiki yako hakukudanganya hapo. Ila jifunze siku utakapojikuta unarudia kazi ileile mara nyingi, kwa mfano kusafisha majina ya vijiji vya wilaya nzima. Siku hiyo utajua unachomwomba Python akufanyie, na utajifunza kwa wiki kile ambacho sasa kingekuchukua mwaka.

Kuhusu kazi sitakupamba. Nafasi zinazotangazwa kama "mtaalamu wa GIS" ni chache na wanaoziomba ni wengi. Wanaopata kazi, kwa ninavyoona, ni wale wanaojua jambo fulani na ramani juu yake: maji na ramani, chanjo na ramani, kahawa na ramani, misitu na ramani. Wewe umeangukia maji. Lishike. Jifunze namna mradi wa mserereko unavyofanya kazi, soma bajeti ya jumuiya, ujue bei ya koki na ya bomba la plastiki. Ukitaka siku moja kuwa mpima ardhi anayetambulika kisheria, hiyo ni njia nyingine yenye usajili wake, na vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro ndiko pa kuulizia stashahada. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, cha Nairobi, kilichoanzishwa 1975 na ambacho Tanzania ni mwanachama, hutoa kozi fupi. Hicho unaweza kukifikiria baadaye ukiwa na kazi ya kuonyesha, pengine na mwajiri wa kulipa.

Kwa meneja wa wilaya usipeleke picha peke yake. Mpelekee ramani moja ya karatasi, A3 inatosha, yenye kipimo, tarehe ya kukusanya na mfumo wa koordineti pembeni, ikiwa na rangi tatu tu: linalotoa, linalosuasua, lililokufa. Pamoja nayo jedwali la CSV lenye kila bomba, koordineti na tatizo lake, ili mafundi wake waingize kwenye mfumo wao bila kuandika upya. Na nakala nyingine ya karatasi ibandike ofisi ya kijiji, umwachie mtendaji kalamu nyekundu. Watakusahihisha, hasa majina. Baba mdogo aende nawe wilayani, lakini uliza mapema kama utapewa nafasi ya kueleza ramani mwenyewe, kwa sababu meneja atauliza ulipimaje njia, na hilo ni wewe tu unayeweza kulijibu. Akikuuliza kama unaweza kufanya hivyohivyo kwa jumuiya nyingine, taja gharama ya nauli, bando na siku zako. Usiseme bure.